Baba ana Parkinson, sasa anaona watoto sebuleni: je, huu ni ugonjwa wa pili?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 72, tuko Tanga. Miaka saba iliyopita alianza kutetemeka mkono wa kulia, akaambiwa ni Parkinson. Anatumia levodopa pamoja na benzheksoli. Tangu mwaka jana anasahau. Siku nyingine yuko sawa kabisa, siku nyingine hajui yuko wapi. Jioni anaona watoto wawili wamekaa sebuleni na anatuambia tuwape chakula. Mwezi uliopita alihangaika sana usiku, tukampeleka hospitali, akachomwa sindano ya kumtuliza, haloperidoli. Akakakamaa siku mbili, hata mate hamezi. Daktari mwingine ametuambia ubongoni mwake kuna mabonge ya protini yanayoitwa miili ya Lewy. Je, ni ugonjwa wa pili huu? Hiyo protini inatoka wapi, tumpunguzie nyama na maharage? Inaweza kusafishwa? Na sisi watoto tutarithi? Shangazi anasema ni majini, maana hata zamani baba alikuwa akipigana usingizini mpaka mama akahama kitanda.

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuuguza.

Nianze na ile sindano, maana maswali mengine yanaweza kusubiri lakini hilo haliwezi. Mtu mwenye Parkinson amepungukiwa seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo. Haloperidoli kazi yake ni kuziba vipokezi vya dopamini hiyohiyo. Kwa mtu mwingine inatuliza. Kwa baba yako inamnyang'anya kile kidogo kilichobaki: anakakamaa, anashindwa kumeza, anaweza kupanda homa kali, na wapo wanaofariki. Sisemi waliomchoma walikuwa na nia mbaya. Usiku wa manane, mzee anapiga kelele, dawa iliyopo kabatini ndiyo hiyo. Lakini isirudiwe. Andikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake la kliniki, kwa herufi kubwa: ana Parkinson, asipewe haloperidoli, asipewe klopromazini ambayo wengi wanaijua kwa jina la Largactil, wala metoklopramidi, yaani Plasil. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu dukani inauzwa kwa kila mwenye kichefuchefu bila kuulizwa anaumwa nini kingine. Phenergan nayo iepukeni.

Sasa hayo mabonge. Mwaka 1912 daktari kijana wa Kijerumani, Friedrich Lewy, aliyekuwa amefanya kazi Munich katika maabara ya Alois Alzheimer, yule ambaye ugonjwa mwingine wa kusahau unaitwa kwa jina lake, alieleza vitu visivyo vya kawaida alivyoviona ndani ya seli za ubongo wa watu waliokufa na Parkinson. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff, Mrusi aliyekuwa akisomea udaktari Paris, akavikuta tena katika eneo dogo la shina la ubongo ambalo hata kwa macho matupu linaonekana jeusi, na ndiye aliyevipa jina la Lewy. Lewy mwenyewe alikuwa Myahudi. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933 aliikimbia nchi yake, akamalizia maisha Marekani.

Ukikata kipande chembamba cha eneo hilo jeusi la marehemu aliyekuwa na Parkinson, ukakitia rangi za maabara na kukitazama kwa hadubini, jambo la kwanza linalokugusa ni uchache wa seli. Punje za rangi ya kahawia zilizokuwa ndani ya seli zimetawanyika ovyo, kwa kuwa seli zilizozibeba zimekufa. Halafu ndani ya seli chache zilizosalia, hapa moja, pale nyingine, unaona duara la rangi ya waridi iliyokoza, limezungukwa na ukingo mweupe. Ndiyo mwili wa Lewy. Upana wake mara nyingi ni mikroni kumi na kitu, kupita chembe nyekundu ya damu. Mabonge haya hutokea pia kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka la juu tunalotumia kufikiri, kukumbuka na kutambua tunachokiona. Huko hayana ule ukingo mweupe, na kwa miongo mingi wataalamu waliyapita tu bila kuyaona.

Protini kuu iliyomo ndani yake haikujulikana hadi mwaka 1997. Kulikuwa na ukoo mmoja mkubwa wenye asili ya Contursi, mji mdogo kusini mwa Italia, ambao Parkinson iliuandama kizazi baada ya kizazi. Watafiti wakagundua kosa kwenye jeni inayotengeneza protini iitwayo alfa-sinukleini, na kosa lilelile wakalikuta kwenye familia chache za Ugiriki. Mwaka huohuo Maria Grazia Spillantini, Michel Goedert na wenzao wakaonyesha kwamba miili ya Lewy imejaa protini hiyohiyo, hata kwa wagonjwa ambao hawana kosa lolote la kurithi.

Alfa-sinukleini si sumu wala si kitu kigeni. Wewe unayo, mimi ninayo. Ni protini ndogo, ina asidi amino 140, yaani vile vipande vinavyojenga protini, na makazi yake ni kwenye ncha za seli za neva, pale seli moja inapoipa nyingine ujumbe. Inasaidia kazi ya vifuko vidogo vinavyobeba kemikali kama dopamini. Kwa kawaida haina umbo la kudumu. Shida huanza pale baadhi yake zinapojikunja vibaya, zikashikamana na kuwa nyuzi, na nyuzi hizo zikaanza kuzigeuza protini nzima zilizo jirani. Unajua mtindi unavyotengenezwa: kijiko kimoja cha mtindi wa jana ndani ya sufuria ya maziwa mazima, na kesho yake sufuria yote imeganda. Ubongoni kazi hiyo haichukui usiku mmoja, inachukua miaka, pengine 20.

Hapo umeshapata jibu la nyama na maharage. Protini hii inatengenezwa na seli zenyewe, haitoki sahani kwenda kichwani. Ukila maharage, tumbo linayavunja kuwa asidi amino, na mwili unajenga nazo kile unachohitaji. Msimnyime baba chakula. Wazee wenye Parkinson hukonda haraka, na mzee aliyekonda huanguka.

Lakini usiitupe hofu yako yote, kwa sababu kuna sehemu ambayo protini ya chakula ina neno, nayo ni kwenye dawa. Levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, yenyewe ni asidi amino. Utumboni inagombania njia ya kuingilia na asidi amino zinazotokana na nyama, samaki, mayai na maziwa, na inapofika ubongoni ugomvi ni uleule. Mzee akimeza kidonge katikati ya chai ya maziwa na mayai mawili, sehemu ya dawa haifiki, na saa mbili baadaye mnashangaa mbona bado mzito. Ampeni kidonge saa kumi na mbili asubuhi kwa maji matupu, chai na mayai vifuate nusu saa hadi saa nzima baadaye. Mchana na jioni iwe hivyohivyo. Familia nyingi zinazonifikia zikidai dawa imechoka, kumbe tatizo ni ratiba ya chai.

Shangazi yako naye amesema jambo kubwa, ingawa maelezo yangu yatakuwa tofauti na yake. Tunapoota, shina la ubongo huilegeza misuli ili tusitende tunachokiota. Ugonjwa ukishafika sehemu hiyo breki zinakatika, na mtu anapiga ngumi, anatupa mateke, anapiga kelele, huku amelala. Wengi wanaopata hali hii utu uzimani, ikiwa haikuletwa na dawa au sababu nyingine, huishia kupata Parkinson au demensia (akili na kumbukumbu kuharibika) ya miili ya Lewy, hata kama ni baada ya miaka 10 au zaidi. Muulize mama mambo mawili mengine: je, kabla ya kuanza kutetemeka baba alikuwa amepoteza harufu, mchuzi unaungua jikoni yeye hajui? Na je, alikuwa akifunga choo kwa muda mrefu? Mjerumani Heiko Braak na wenzake walichunguza ubongo wa marehemu wengi na mwaka 2003 wakapendekeza hatua sita: kwa wengi alfa-sinukleini iliyoharibika huonekana mapema kwenye sehemu ya kunusia na sehemu ya chini ya shina la ubongo inayohusika na tumbo, kisha inapanda hadi kwenye eneo jeusi, ndipo mkono unapoanza kutetemeka, na mwishowe inafika kwenye gamba. Si kila ubongo unafuata ramani hiyo, ila inaeleza vizuri kwa nini ugonjwa unaouita wa miaka saba una historia ndefu kuliko hapo.

Kwamba protini hii mbovu inaweza kuhama kutoka seli hadi seli, ushahidi uliowashtua wengi ulitoka mwaka 2008. Miaka ya nyuma wagonjwa kadhaa wa Parkinson walikuwa wamepandikizwa ubongoni seli changa za neva zinazotengeneza dopamini. Walipofariki, miaka 11 hadi 16 baada ya upasuaji, baadhi ya seli hizo changa zilikutwa na miili ya Lewy. Seli za umri huo hazikupaswa kuwa nayo.

Kwa hiyo, ugonjwa mmoja au miwili? Ni mmoja. Mabonge yaleyale, protini ileile, ila yamefika mahali pengine. Yakiwa zaidi kwenye eneo jeusi, unaona kutetemeka na uzito wa mwendo. Yakienea kwenye gamba, unaona akili kupanda na kushuka na maruweruwe ya watu, watoto au wanyama yanayoonekana waziwazi, kama hao wageni wa sebuleni. Daktari Mjapani Kenji Kosaka ndiye aliyeeleza kwa kina, kuanzia mwaka 1976, wagonjwa ambao akili yao iliharibika huku miili ya Lewy imetapakaa hadi kwenye gamba. Ukitaka ushahidi mwingine, iko familia moja ya Iowa, Marekani, iliyoelezwa mwaka 2003: protini yao haina kasoro, ila wana nakala za ziada za jeni yake, hivyo inatengenezwa nyingi kupita kiasi. Ndani ya ukoo huohuo, wengine walipata Parkinson, wengine demensia.

Madaktari tumejiwekea kanuni ya mwaka mmoja. Akili ikianza kuyumba kabla ya matatizo ya mwendo, au ndani ya mwaka mmoja tangu yaanze, tunaandika demensia ya miili ya Lewy. Ikiwa ni baadaye, kama kwa baba yako, tunaandika demensia ya Parkinson. Ni mstari wa kiofisi, na matibabu karibu ni yaleyale. Wala halikuwa jambo la nadra kumpata. Sydney, Australia, waliwafuatilia wagonjwa tangu mwanzo, na kati ya waliofikisha miaka 20 na ugonjwa, asilimia 83 walikuwa na demensia. Wazee wengi pia wanakuwa na mchanganyiko: miili ya Lewy pamoja na amiloidi na tau, zile protini za Alzheimer, ndani ya kichwa kimoja.

Kuhusu kusafisha, jibu ni kwamba leo haiwezekani. Kingamwili mbili zilizotengenezwa kuikamata alfa-sinukleini, prasinezumabu na sinpanemabu, zilipewa wagonjwa waliokuwa hatua za mwanzo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakufikia lengo kuu la majaribio. Zile dawa mpya mnazozisikia za kuondoa amiloidi ni za Alzheimer, na zinatakiwa zianzwe mapema, chini ya uangalizi wa picha za MRI. Hata hivyo sisi wenyewe bado tunabishana kama bonge lenyewe ndilo linaloua seli. Baadhi ya watu wenye Parkinson ya kurithi wamefunguliwa ubongo baada ya kufa na mabonge hayakuonekana, na wapo wazee waliokufa na mabonge mengi bila dalili yoyote. Mwaka 2019 watafiti waliotumia hadubini ya elektroni walikuta mengi yamejaa vipande vya utando wa seli na mafuta, na si nyuzi tu kama tulivyokuwa tukifundishwa. Binafsi naegemea upande wa wanaosema madhara makubwa yanafanywa na vile vikusanyiko vidogo vya mwanzo, na kwamba bonge ni masalia ya seli iliyojaribu kujitetea. Yeyote anayekuuzia unga au matone ya kusafisha protini kwenye ubongo anataka hela yako tu.

Kinachoweza kubadilika wiki hii kiko kwenye mfuko wa dawa. Mnapoenda kliniki, bebeni kila kitu anachomeza, pamoja na vya duka na vya mitishamba. Mimi macho yangu yangekwenda moja kwa moja kwenye benzheksoli. Katika ugonjwa huu, pamoja na dopamini, ubongo unapoteza kemikali nyingine iitwayo asetilikolini, ambayo kumbukumbu na umakini vinaitegemea. Benzheksoli hupunguza mtetemeko kwa kuizuia kemikali hiyo kufanya kazi. Kwa kijana ni sawa. Kwa mzee wa miaka 72 anayeona watoto wasiokuwepo, ni kuongeza giza. Nimeona wazee waliorudi kutambua wajukuu zao baada ya kuachishwa. Isikatwe kwa siku moja lakini, ipunguzwe taratibu na daktari. Levodopa ndiyo ya mwisho kuguswa, na msiikatishe ghafla kwa hali yoyote, kwani hiyo nayo inaweza kuleta kukakamaa na homa ya hatari.

Baada ya hapo muulizeni daktari kuhusu rivastigmini, inayofanya kinyume cha benzheksoli: inailinda asetilikolini isivunjwe. Marekani iliidhinishwa kwa demensia ya Parkinson mwaka 2006. Haiponyi, na kwa wengine haisaidii, ila kwa wengi inapunguza maruweruwe na kuwapa siku nyingi zaidi zilizotulia. Huanza kwa dozi ndogo pamoja na chakula, na mapigo ya moyo yapimwe kwanza. Kero yake ni kichefuchefu, na hapo ndipo watu wanapotumbukia: mzee anatapika, kijana anakimbia dukani, anarudi na Plasil. Akipata kichefuchefu, rudini kwa daktari apunguze dozi, au atoe domperidoni akiridhika na hali ya moyo. Maruweruwe yakizidi na kuleta hatari, ipo kwetiapini kwa dozi ndogo sana, tena ikiwa hapana budi.

Kama kuna mtu amekwambia habari za upupu, hakukudanganya. Mbegu za upupu kweli zina levodopa. Lakini kiasi chake hutofautiana kutoka mbegu hadi mbegu, na levodopa ikizidi maruweruwe yanaongezeka. Kwa hali aliyonayo baba, hapana.

Akili yake ikichafuka ghafla, ndani ya siku moja au mbili, msiseme ugonjwa umepanda. Tafuteni kwanza malaria, U.T.I., kichomi, kukosa choo au kukosa maji mwilini. Jioni washeni taa mapema, toeni koti lililoning'inia mlangoni, na mkapime macho yake. Mzee asiyeona vizuri, ubongo wake unajaza palipo wazi. Watoto wake wa sebuleni, ikiwa hawamtishi, msibishane naye. Mwambieni hamuwaoni, kisha mbadilishe mazungumzo. Shangazi akitaka kumsomea dua, asome. Asifukizwe moshi wala kuachishwa vidonge. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwahi kupita katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000 wakapata wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao ndiyo kwanza walikuwa wanaambiwa jina la ugonjwa. Baba yako ana jina la ugonjwa na ana dawa. Msiyapoteze hayo mawili.

Limebaki la kurithi. Koo kama ile ya Contursi ni chache mno duniani, na kwa mtu aliyeanza kutetemeka na miaka 65, bila ndugu wengine wenye hali hiyo, uwezekano wa watoto kupata unapanda kidogo tu kuliko wa watu wengine. Mwaka 2023 watafiti wakiwemo wa Nigeria walitangaza badiliko kwenye jeni iitwayo GBA1, lililoonekana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika peke yao. Mwenye nakala moja hatari yake ni kama mara moja na nusu, mwenye mbili kama mara tatu na nusu. Jeni hiyo inahusika na kimeng'enya cha lisosomu, sehemu ya seli inayovunja taka, na taka zisipovunjwa alfa-sinukleini inarundikana. Ni habari kubwa kwetu Waafrika, kwa kuwa dawa za kukisaidia kimeng'enya hicho zinatafutwa. Lakini wengi wenye badiliko hilo hawaugui maisha yao yote, na hakuna kinga ya kuwapa leo hata mkijua mnalo. Hela ya kipimo cha jeni afadhali iende kwenye operesheni ya mtoto wa jicho, kama vipimo vya macho vitaonyesha baba anao.